"Hair of the dog": mgeni akikuomba hivi asubuhi anataka nini hasa? Uzi kwa wahudumu, waongoza watalii na wanaotafsiri muvi

#1 – mleta uzi

Wakuu habari za jumapili. Kuna msemo mmoja wa Waingereza wa mambo ya pombe nataka tuujadili hapa vizuri kwasababu nimegundua wahudumu wengi, waongoza watalii wengi, hata watu waliosoma shule za kiingereza tangu chekechea hawaujui, na ukijaribu kuutafsiri neno kwa neno ndo unapotea moja kwa moja. Msemo wenyewe ni "hair of the dog".

Mimi nafanya kazi kaunta hotelini huku Arusha. Mwaka wangu wa kwanza kazini walikuja wazee wawili wa kiingereza wametoka kupanda Kilimanjaro, wamefika salama, usiku wakasherehekea mpaka saa nane. Asubuhi kwenye saa mbili mmoja anashuka, macho mekundu, mkono kichwani, anakaa mbele ya chai yake na yai lake, ananiambia taratibu "I could do with some hair of the dog". Mi nikasikia nywele, nikasikia mbwa. Pale hotelini kulikuwa na mbwa wa ulinzi, nikajua tayari, mzee kakuta manyoya ya mbwa kwenye sahani. Nikaomba radhi, nikabeba sahani nikairudisha jikoni, nikamwita supavaiza. Supavaiza nae hakuelewa, akatoka nje kumkaripia mlinzi kwanini anaachia mbwa afike sehemu ya chakula. Mlinzi wa watu anaapa kwamba mbwa kamfunga tangu saa kumi na mbili, hakuna anayemsikiliza.

Mgeni alipoona chakula kimeondoka na watu wanakimbizana akatulia akanieleza kwa kiingereza chepesi, alikuwa anaomba bia. Bia moja tu ya asubuhi ya kuondoa uchovu wa jana. Yani alitaka KUZIMUA. Basi.

Niliumia sana kwa ajili ya yule mlinzi, nikamfuata kumuomba msamaha siku ileile. Na toka siku hiyo nimekuwa nautafuta huu msemo, unatoka wapi, unatumikaje, nani anausema na wakati gani. Naweka ninachokijua, wenye zaidi mwageni.

Maana: kinywaji cha kilevi unachokunywa asubuhi, au muda wowote siku inayofuata, ili kuondoa maumivu ya pombe ya jana. Msemo kamili ni "the hair of the dog that bit you", nywele ya mbwa aliyekung'ata. Mbwa ndio pombe ya jana, kung'atwa ndio kichwa kuuma na tumbo kuchafuka, nywele yake ndio hiyo glasi ndogo ya asubuhi. Wakati wa kuongea wanakata hiyo sehemu ya kung'atwa, wanabakiza mbwa na nywele, ndio maana anayesikia mara ya kwanza hana pa kushika.

#2

Asante mleta uzi. Huku Nairobi hiyo kitu tunaita kutoa loki. Mtu akiamka na hangova ya jana anakwambia "twende tutoe loki", hakuna mwenye anauliza loki ni gani. Sikuwahi jua wazungu wanaita mbwa, na nimeisikia kwa muvi mara mingi, chini wanaandika "nywele ya mbwa" nami napita tu nikidhani ni jina ya kinywaji.

Lakini niulize, ni lazima iwe pombe ileile ulikunywa jana? Juu ukisema mbwa aliyekuuma basi ni mbwa huyo huyo, si mwingine.

#3 – mleta uzi

Swali zuri sana hilo mkuu wa Nairobi. Kwa jinsi msemo ulivyozaliwa ndio, ilikuwa kama umelewa divai basi asubuhi unywe divai. Ila wageni ninaowahudumia hawajali, mtu kalewa wisiki usiku asubuhi anaomba bia, au vodka yenye juisi ya nyanya ile wanaita Bloody Mary, na yote anaiita hair of the dog. Hiyo Bloody Mary ndio inaongoza asubuhi, ina chumvi, ina pilipili, ina ndimu, ukiangalia kwa makini wameweka supu ndani ya pombe.

Kuna nyingine ya zamani inaitwa Corpse Reviver, yani kifufua maiti, ilipata sana jina kwenye baa ya hoteli ya Savoy pale London karibu miaka ya 1930. Jina tu linakueleza ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa hali gani.

#4

Kutoka Leeds hapa, nimefanya kazi pub miaka sita. Naomba niongezee kwenye matumizi maana hapo ndo watu wetu wanakosea hata baada ya kujua maana.

Kwanza huu ni msemo wa kirafiki, wa watu wanaojuana au wa mtu kwa mhudumu wake wa baa. Hausemwi kwenye barua ya kazi wala kwa mkwe. Watu wanausema wakiwa nusu wanatabasamu nusu wanaumwa kweli. "Fancy a hair of the dog?" ni rafiki anakukaribisha. "I need some hair of the dog" ni mtu anakiri jana alizidisha. Na mara nyingi anayesema anakuwa anaomba ruhusa kidogo, maana kunywa saa nne asubuhi hata kwao watu wanaangalia, kwahiyo msemo unampunguzia aibu, badala ya kusema nipe pombe asubuhi anasema mambo ya mbwa.

Pili sarufi yake. Unasema "the hair of the dog", au "a hair of the dog", au "some hair of the dog", au "a bit of hair of the dog". Zote sawa. Lakini ukisema "dog hair" au "dog's hair" umeshatoka, hapo unazungumzia manyoya yenyewe ya mbwa kwenye kochi. Na usiweke wingi, usiseme "hairs". Hata mkiwa watu kumi mnazimua bado ni hair moja.

Tatu muda. Ukinywa jioni ya siku ileile hiyo sio hair of the dog, hiyo ni kuendelea tu. Lazima kuwe na usingizi katikati na kuwe na maumivu. Nimewahi kumsikia mbongo mwenzangu anaagiza saa mbili usiku "give me hair of the dog" akidhani ni njia ya kisasa ya kusema nipe moja, mhudumu akamuuliza kwa huruma kama anaumwa.

Huku utausikia sana tarehe 26 Desemba na tarehe 1 Januari. Scotland hata tarehe 2 Januari ni sikukuu ya kitaifa, kwahiyo wana siku nzima ya ziada. Na airport ndo usiseme, pub za ndani zinauza bia alfajiri kabla ndege ya kwanza haijaondoka.

Ila tahadhari kwa mlioko huku na mnaendesha: mwili unatoa pombe polepole, kama kinywaji kimoja kidogo kwa saa hivi, na hiyo ya asubuhi inajumlishwa juu ya iliyobaki ya jana. England kipimo cha juu kwa dereva ni miligramu 80 za pombe kwenye mililita 100 za damu, Scotland walishusha mpaka 50 tangu Desemba 2014. Watu wanakamatwa saa tatu asubuhi wakiwa wanajiona wazima kabisa kwasababu wameshatoa loki, kumbe wameongeza.

#5

Mkuu wa Leeds umefunga darasa. Sasa nikuulize wewe au mleta uzi, "nightcap" na "one for the road" ni ndugu zake au ni vitu tofauti?

#6 – mleta uzi

Ni vya familia moja ila kila kimoja kina saa yake. Nightcap ni ile ya mwisho kabla ya kupanda kitandani, mgeni wa nightcap anaagiza kitu kidogo, brandi au liqueur (pombe kali yenye sukari), na anataka utulivu, usimletee menyu. One for the road ni ya mtu anayeondoka, kashasimama, koti mkononi, anasema haya moja ya njiani. Hair of the dog ni ya asubuhi. Ukizijua hizo tatu tu unajua mgeni yuko wapi katika usiku wake bila kumuuliza.

Kuna na "eye-opener", kifungua macho, hiyo Wamarekani wa zamani waliitumia kwa glasi ya asubuhi vilevile, ila eye-opener haidai kwamba jana ulilewa, ni ya kuamkia tu. Siku hizi ukiisikia mara nyingi wanamaanisha habari ya kushtua.

#7

Nafundisha kiingereza sekondari, na hivi vitu nimevipenda tangu chuo, nivumilieni nitaandika ndefu.

Msemo huu sio wa juzi. Upo kwenye mkusanyiko wa methali za kiingereza wa John Heywood wa mwaka 1546, pale mtu anaomba yeye na mwenzie wapewe nywele ya mbwa aliyewang'ata jana usiku, na maana yake ni hiihii ya baa. Kwahiyo una miaka karibu 480 na bado unatembea bila mkongojo.

Ila wazo la nywele ya mbwa lilianza kama tiba ya kweli ya kung'atwa na mbwa, halikuwa la pombe. Plinio Mzee, yule Mrumi aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kuhusu watu wanaochoma nywele za mbwa aliyeuma na kuweka majivu yake kwenye kidonda. Watu waliamini kilichokudhuru ndio kina dawa yake ndani. Baadae ukaja msemo wa kilatini similia similibus curantur, vinavyofanana hutibiwa kwa vinavyofanana.

Na kuna jambo lilinishangaza kupita yote. Kule Syria pwani kulikuwa na mji unaitwa Ugarit, uliangamia karibu miaka 1,200 kabla ya Kristo. Wachimbaji wamekuta kibao cha udongo chenye hadithi ya mungu wao mkuu El anafanya karamu, analewa mpaka anabebwa, na mwishoni kuna maelekezo ya dawa, na ndani ya hiyo dawa nywele za mbwa zimetajwa pamoja na mafuta ya zeituni. Sio kwamba Mwingereza wa 1546 alisoma kibao hicho, kilikuwa chini ya ardhi wakati huo. Lakini mbwa na pombe vimekutana mara mbili, sehemu mbili, bila kuambiana, na mimi hilo naliona jambo kubwa.

Sasa angalia mataifa mengine. Wahungaria wana methali ya mbwa huyohuyo, kung'atwa na mbwa kunatibiwa kwa nywele zake. Wafaransa wana "reprendre du poil de la bête", kuchukua tena nywele ya mnyama, ila kwao imeshahama, siku hizi maana yake ni kupata nguvu baada ya kuumwa au baada ya matatizo, pombe haipo tena. Wajerumani wanasema Konterbier, bia ya kujibu mapigo. Wapolandi wanasema klin, yani kabari, wanaitoa kabari kwa kabari. Wajapani wanaita mukaezake, pombe ya kwenda kumpokea anayekuja, na hapo kiswahili chetu cha pwani kina neno linaingia kama kidole kwenye pete: KULAKI. Pombe ya kulaki. Anayekuja ni uchovu, wewe unatoka nje kumlaki na glasi.

Na nimalizie na uongo mmoja unaozunguka sana mitandaoni. Wanasema neno hangover limetokana na walevi wa London waliokuwa wanalala wamening'inia kwenye kamba kwa peni mbili. Malazi ya kamba yalikuwepo kweli ila neno halikutoka huko. Hangover mwanzoni, miaka ya 1890 Marekani, lilimaanisha kitu kilichobaki, kiporo cha jambo, na kwenye karibu 1904 ndo likaanza kutumika kwa kiporo cha pombe. Kwahiyo wanaosema "mning'inio" wametafsiri sauti, wameiacha maana. Kiporo ingekuwa karibu zaidi.

#8

Mwalimu ubarikiwe. Mning'inio mimi nitaendelea kuusema lakini, ushazoeleka.

Halafu kiswahili si tuna "dawa ya moto ni moto"? Mi natafsiri muvi, niliweka hiyo mahali pa hair of the dog na nikaona inakaa.

#9 – mleta uzi

Hapo ndugu yangu naomba nikupinge kwa upendo. Dawa ya moto ni moto tunaisema mtu akikuonea ukamjibu kwa ukali uleule, ni ya ugomvi, ni ya kukomeshana. Ukimuwekea jamaa ameamka kichwa kinamuuma, mtazamaji wa Temeke atasubiri ngumi. Wazo la ndani linafanana ndio, ila mahali pake sio pale.

Sisi neno tunalo, KUZIMUA. Na ni neno zuri kuliko tunavyolichukulia. Kuzimua asili yake ni kupunguza ukali wa kitu, maji ya kuoga yamechemka sana unayazimua na ya baridi, tembo (pombe ya mnazi) kali unaizimua. Kwahiyo Mwingereza anaona kichwa cha asubuhi kama kidonda cha kung'atwa, anatafuta dawa. Mswahili anaona kama kitu kilichozidi ukali, anatafuta cha kukipunguzia. Jamaa akisema kwenye muvi "I need a hair of the dog" andika "Nataka kuzimua" tu, na kama watazamaji wako ni Wakenya andika "nataka kutoa loki". Mbwa mwache kwao.

Isipokuwa kama kwenye muvi mbwa mwenyewe anatajwa tena baadae, mtu anajibu "yule mbwa alikuuma vibaya sana". Hapo utafute namna, labda "jana imenitafuna" halafu mwenzie ajibu "basi nawe itafune kidogo".

#10

Niongee kama tabibu, niko kituo cha afya huku mkoani, na nimesoma uzi wote nikaona hakuna aliyesema kama hii kitu inatibu au haitibu.

Kwanza hiyo ya nywele kwenye kidonda. Najua mwalimu ameeleza historia tu lakini kuna watu bado wanaweka vitu kwenye kidonda cha mbwa, majivu, mafuta, kahawa, majani. USIWEKE. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza karibu kila mtu anakufa, duniani inakadiriwa watu 59,000 kwa mwaka na wengi ni Afrika na Asia, karibu wanne kati ya kumi ni watoto. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa ukutani, halafu nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukachanjwe. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Sasa pombe. Ini linabadilisha pombe kuwa asetaldehaidi, hiyo ni sumu, halafu linaibadilisha tena kuwa kitu kisicho na madhara. Pia kwenye vinywaji, hasa vya rangi nzito kama brandi na wisiki, kuna methanoli kidogo sana, nayo ini likiishughulikia inatoa fomaldehaidi na asidi fomiki. Ini linapenda kushughulika na ethanoli kwanza, ambayo ndio pombe ya kawaida. Kwahiyo ukinywa tena asubuhi unaliambia ini liache foleni lihudumie aliyefika sasa hivi, na ubongo ambao ulikuwa unatetemeka kwasababu pombe imeondoka unatulia tena. Unajisikia nafuu, na nafuu hiyo ni ya kweli, hakudanganyi anayekwambia ilimsaidia. Ila foleni ipo palepale, imesogezwa mbele tu kwa saa chache. Wanaosema hair of the dog inatibu wamechanganya kutibu na kuahirisha.

Na hapa nasema kwa herufi kubwa: kama jana ulikunywa pombe ya kienyeji iliyokorogwa au ya bei ya ajabu isiyo na lebo ya kueleweka, na leo unaona UKUNGU machoni, unaona kama theluji, tumbo linakata, pumzi inakwenda mbio, hiyo sio hangova, hiyo inaweza kuwa methanoli ya kutosha kuua. Usizimue. Kimbia hospitali. Kuna watu wamesikia kwamba hospitali wanatumia ethanoli kama dawa ya methanoli, ni kweli inatumika, lakini kwa kipimo, kwenye uangalizi, damu inapimwa na figo zinaangaliwa. Kujizimua nyumbani na chupa ileile iliyokutia sumu ni kuongeza sumu. Kenya mwezi Mei 2014 walikufa makumi ya watu kaunti kadhaa, na Februari 2024 kule Kirinyaga wakafa 17 hivi, wengine waliobaki wakapoteza macho.

#11

Tabibu uko sawa kabisa, Kirinyaga iliumiza watu sana. Na wacha niongeze, huku Kenya tangu ile sheria ya 2010 watu wanaita ya Mututho, jina ya mbunge aliyeileta, baa inafaa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi. Kwa hivyo yule anataka kutoa loki saa tatu asubuhi haendi kwa baa ya kueleweka, anaenda kwa mlango wa nyuma, na kwa mlango wa nyuma ndio kuko na hizo chupa hazina lebo. Asubuhi ndio saa mbaya zaidi ya kubahatisha.

#12

Naomba na mimi niseme kitu, sijawahi kuandika hapa, huwa nasoma tu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa anazimua. Mwanzo ilikuwa jumapili tu baada ya jumamosi ya harusi au ya mpira, na sisi tulikuwa tunacheka nae, mama anamtengenezea supu anasema hapana mama supu yangu naijua. Baadae jumatatu. Baadae kila siku, na alikuwa haiti kunywa, anaita kuzimua, "nazimua tu kidogo mdogo wangu", neno lenyewe lilikuwa linamsaidia kujificha kwasababu kunywa asubuhi ni ulevi lakini kuzimua ni dawa. Ilifika mahali mikono inatetemeka hawezi kushika kikombe mpaka apate ile ya kwanza. Tukamfungia ndani kwa nguvu ili aache, siku ya pili akaanguka degedege. Tulidhani karogwa. Hospitali walituambia mwili wa mtu aliyezoea kiasi hicho huwezi kuukatia pombe ghafla nyumbani, anaweza kufa, anatakiwa aachishwe hospitalini kwa dawa.

Yuko hai, ana miaka mitatu hajagusa. Nimeandika kwasababu mkuu wa Leeds amesema neno la Mwingereza linapunguza aibu, na mimi nimeona letu linavyopunguza aibu ya mtu mpaka likampeleka shimoni.

#13

Dada pole sana na asante kwa kuandika. Tabibu hapa tena. Ulichokisema kipo hata kwenye maswali tunayouliza wagonjwa. Kuna maswali manne yanaitwa CAGE, daktari mmoja aliyekuwa anafanya kazi Marekani anaitwa John Ewing aliyachapisha mwaka 1984 na yanatumika mpaka leo. Umewahi kuona unatakiwa upunguze? Watu wamewahi kukukera kwa kukusema kuhusu unywaji wako? Umewahi kujisikia hatia? Na la nne, umewahi kunywa asubuhi kitu cha kwanza ili kutuliza mwili au kuondoa hangova? Hilo la nne wanaliita kwa jina lilelile la eye-opener alilolitaja mleta uzi. Ukijibu ndio kwa mawili, tunakaa chini tunaongea kwa utaratibu.

Kwahiyo kinachoitwa hair of the dog kwenye baa, kwenye karatasi yangu ni swali la nne. Aliyezimua mara moja baada ya harusi simtishi. Anayezimua kila wiki aje tuongee, na anayetetemeka asubuhi asiache peke yake nyumbani, aje kwanza. Vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous, watu wanaosaidiana kuacha pombe) vipo Nairobi na Dar, hawaulizi jina la ukoo.

#14

Zanzibar hapa. Mi sinywi na sikusudii, lakini nimesoma mwanzo mwisho kwa ajili ya lugha maana naongoza wageni Mji Mkongwe na huu msemo nimeusikia nikaupuuza, kumbe nilikuwa siwafahamu wageni wangu. Sasa mimi mgeni akiniambia asubuhi hair of the dog, na mimi pombe siihudumii, nimjibu nini nisimvunje moyo?

#15 – mleta uzi

Sheikh wangu, wewe mjibu kwa upole kwamba umemuelewa, halafu mpeleke kwenye dafu na supu ya pweza. Nakwambia kwa uzoefu, wengi wanaosema huu msemo asubuhi hawaitaki pombe yenyewe, wanataka mtu aelewe kwamba wanaumwa bila kuwahukumu. Ukionyesha umeelewa tu, nusu ya kazi imekwisha. Dafu lina maji na chumvichumvi ambazo mwili umepoteza usiku, supu ina chumvi, ndio maana huku Arusha mi nawaletea mtori kwanza. Ndizi, nyama, wa moto, mzito. Mgeni akimaliza bakuli na bado anataka bia ni mtu mzima, nampa. Wengi hawaulizi tena.

Kwa dada wa namba 12, nimesoma maneno yako mara tatu. Kuna mteja wetu mmoja, sio mtalii, ni mtu wa hapahapa mjini, anakuja kila siku saa tatu na kila siku anasema anazimua, na mimi nilikuwa namimina tu. Kesho akija nitakaa nae kabla ya kumimina.

#16

Mleta uzi swali la mwisho kutoka kwangu mhudumu mpya, nimeanza kazi wiki hii Karatu. Mgeni akisema huo msemo na ni mgeni wa kawaida tu, mtalii wa siku mbili, nimjibu kwa kiingereza kipi? Naogopa kukosea.

#17 – mleta uzi

Usiogope mdogo wangu. Usirudie mambo ya mbwa, usicheke, usimuulize kama ana uhakika, na usipaze sauti maana kichwa kinamuuma. Sogea karibu, muwekee glasi kubwa ya maji baridi mezani kabla hajaomba kitu kingine, halafu muulize taratibu: "What were you drinking last night?" Akikujibu jina la kinywaji umeshamjua mbwa wake ni yupi.